Jina Letu, Rangi Zao

Jumatatu, 4 Machi

"Mh." Ndiyo sauti niliyorudi nayo nyumbani. Wakili alikuwa anasoma barua pepe niliyowaandikia kampuni ya rangi, akafika katikati, akaguna. Mara moja tu. Halafu akavua miwani.

Nilikuwa nimejiandaa. Domeni wanayoidai, hiyo anwani ya tovuti, ni jina la ukoo wetu, nimelisajili mimi, na jina la ukoo halina mwenyewe. Ndivyo nilivyojiambia kila nilipoziuzia kampuni majina ya koo nyingine. Wakili akasema, binti, kuwa na jina si kosa. Ila wenzako wameliandikisha kama alama ya biashara ya rangi. Ungeweka humo picha za shangazi zako, ningekutetea mpaka sauti inikauke. Lakini wewe ndiye uliyewaandikia kwanza, ukitaka kuwauzia.

Akagonga neno kwa kalamu: "lingewafaa". Sentensi yangu mwenyewe, na nilijiona mjanja — Jina hili lingewafaa ninyi kuliko sisi.

Jumanne, 5 Machi

Kuna baya zaidi. Ukurasa wa domeni niliuacha mtupu. Kumbe kampuni iliyonisajilia domeni huujaza matangazo yenyewe. Nimeufungua leo. Rangi za ukutani. Brashi. Rangi za washindani wao, chini ya jina letu! Nani ataamini kwamba sikujua?

Mdogo wangu kachungulia skrini. Dada, kwa hiyo umetupiga mnada wote, hata mimi ambaye sijaposwa? Nikacheka. Nikashindwa kuacha. Akaondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Baba amejua. Si yote — anajua tu kwamba kampuni inalitaka jina. Alisimama mlangoni na povu la kunyolea kwenye shavu moja. Wao wamepewa na nani? Mimi nimepewa na baba yangu.

Kampigia baba mdogo, baba mdogo kampigia shangazi, sasa ukoo mzima uko vitani. Baba mdogo anataka maandamano, na bango abebe yeye, maana kwa kitambi chake halitapeperuka. Siku nyingi sijamwona Baba na uso ule uliochangamka.

Nikampigia wakili. Tukibisha madai yao? Tutashindwa, akasema, na barua yako itakuwa kielelezo. Baba ataiona? Akija kuwa shahidi wako, atasomewa.

Ijumaa, 8 Machi

Sikula. "Sisi." Kwa nini sikuandika "mimi"?

Jumamosi, 9 Machi

Wako sebuleni. Baba kavaa shati la kola, anamfanyisha shangazi mazoezi ya ushahidi. Jina lako kamili? Shangazi anajibu kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Baba mdogo anamwambia, taratibu, utalitoboa jina. Wanacheka. Baba ananiita, mama, njoo uwe hakimu, hawa hawana nidhamu.

Nimesema nakuja.

Asubuhi, walipokuwa wanapanga viti, nilifungua akaunti nikawahamishia kampuni domeni. Bila sharti, bila kumuuliza mtu. Wakili nimemwambia baadaye, hata hakuguna. Kampuni wamejibu kwamba wamepokea, na kwamba kwao suala limekwisha.

Shangazi anaulizwa upya. Safari hii Baba anataka alitaje jina akiwa amesimama.