Karanga za Mzazi

Jumapili, Mei 1984. Nyarugusu.

Mvua imekatika tangu juzi, na leo jua limetoka kwa adabu, halichomi. Nimekaa mlangoni, miguu imevimba kama maandazi, tumbo limefika magotini. Leo nimelia, na sina hakika kama nimemaliza.

Nianze na lile la furaha, maana ndilo lililonifikisha hapa.

Mimi ni bibi shamba wa kata hii. Ni mtoto wa mjini Shinyanga, nimezaliwa nyuma ya duka la vitenge, nikasomea kilimo, nikaolewa na Msukuma. Mume wangu Masanja yuko huko Shinyanga kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka msimu uishe, kwa hiyo naishi na mama yake. Mimi namwita Mama. Yeye akifurahi huniita mayu, ambalo kwa Kisukuma ndilo hilohilo mama, basi siku nzuri tunaitana mama humu ndani mpaka wageni wanachanganyikiwa.

Shamba lake la karanga liko bondeni, chini ya mahali wanapooshea dhahabu. Wachimbaji wakishasaga mawe, unga wake huuchanganya na zebaki ili ikamate dhahabu. Mchanga unaobaki, wenyewe wanauita marudio, huachwa lundo. Mvua kubwa ikija, lundo lote linateremka bondeni. Mwaka lilipofunika shamba la Mama, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Karanga zilitoka njano, zikanyong'onyea, zikafa. Kila mtu akamwambia aliache hilo shamba. Msimu uliofuata akapanda tena palepale, juu ya mizizi ya zile zilizokufa. Zikafa nyingi, chache zikabaki. Akapanda tena. Nilidhani ni ukaidi, na ni ukaidi kweli, namjua. Lakini mwaka jana shamba lilirudi kuwa kijani, na mwaka huu ukilitazama kutoka barabarani unataka kusimama.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa udadisi tu.

Mkaranga haujilishi peke yake. Kwenye mizizi yake kuna vinundu vidogo kama punje za mtama, na ndani yake wanaishi bakteria. Wao huchukua naitrojeni ya hewani wakaigeuza kuwa chakula cha mmea, na mmea huwalipa kwa sukari. Sisi sukari tunaipanga foleni na bado tunaikosa, wao wanaletewa mpaka nyumbani. Ukipasua kinundu ukakuta ndani ni pekundu, ujue wako kazini. Sasa zebaki, risasi na madini mengine mazito ni sumu kwao. Wakifa wao, mmea unakosa wa kuulisha, unageuka njano. Je, bondeni kwa Mama nani alikuwa anazilisha karanga?

Nikachukua makopo ya mafuta ya kupikia, nikayajaza mchanga wa bondeni niliouchemsha kwanza ili kuua kila kilicho hai ndani yake. Majirani wakaambiana kwamba mke wa Masanja ana hamu ya udongo mpaka anaupika. Mama alicheka akakaa chini. Nikapanda karanga za aina moja. Makopo mengine nikayamwagia maji ya vinundu nilivyoviponda kutoka shamba la nyumbani, mengine maji ya vinundu vya bondeni.

Yale ya nyumbani yalitoa majani ya njano. Yale ya bondeni yakatoa kijani, na nilipopasua vinundu vyake, ndani vilikuwa vyekundu.

Basi bakteria wa bondeni wamebadilika. Si kwamba walikaa wakajifunza. Wengi walikufa tu. Lakini wachache walikuwa na njia ya kuisukuma sumu nje ya miili yao, au kuifunga isiwadhuru, na hao ndio waliobaki kuzaa. Wakawarithisha watoto. Tena bakteria wana tabia moja ninayoipenda: anayejua njia ya kuishi huweza kumpa jirani kipande cha ujuzi huo, hata kama si ndugu yake. Na kwa kuwa kizazi chao ni cha saa tu, misimu michache ya Mama kwao ilikuwa karne nyingi. Kila alipopanda palepale, alikuwa anawapa wale walionusurika mahali pa kukaa.

Nilimshika mikono nikamwambia, tukacheza uani, mimi na tumbo langu.

Kuna jambo moja sikulifikiria hata kidogo.

Leo aliporudi kanisani aliingia na ungo. Karanga zilizobanguliwa, zimechaguliwa moja moja, kubwa, nyekundu. Akaniwekea mapajani. "Hizi za mzazi," akasema. "Ukijifungua nakusagia uji, maziwa yatoke mpaka mtoto mwenyewe aseme basi." Kwao karanga za mzazi hazinunuliwi. Bibi wa mtoto ndiye anayezilima kwa mkono wake. Kumbe ndiyo sababu hakuliacha lile shamba.

Nikazitazama, na moyo ukanishuka.

Bakteria wamejikinga wao. Hawakuusafisha udongo kwa ajili yetu. Zebaki bado iko palepale, na kijani cha majani hakiniambii kilichopanda mpaka ndani ya punje. Labda hakuna kitu. Labda kipo. Sijui, na wa kunipimia yuko mbali, nimeambiwa nisubiri gari lipate mafuta. Mtoto hasubiri gari.

Ningeweza kuzipokea na kuzifukia kimya kimya. Nilifikiria kufanya hivyo, sitajidanganya. Lakini angeendelea kulima, na siku moja angempa mtoto mwenyewe.

"Mama," nikasema, "hizi siwezi kuzila."

Alitoa mkono wake kwenye ungo. "Zina nini, mayu?"

Nikamweleza yote, polepole, kwamba wadudu wa mizizi wamepona lakini udongo haujapona, kwamba sumu ile humdhuru mtoto wa tumboni kuliko mtu mzima. Nilitegemea anune. Niliogopa atasema mtoto wa mjini amedharau chakula chake.

"Lakini mimi nimezila," akasema.

"Zipi?"

"Za mwaka jana. Zote. Masanja aliomba nikamnyima, akaninunia wiki nzima."

Nikamkumbuka Masanja akilalamika kwamba mama yake amekuwa mchoyo. Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe ukimpa mgeni togwa, nani anaonja kwanza?"

Nimeiona desturi hiyo tangu nije hapa. Mwenye nyumba hunywa kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani yake.

"Sasa huyu si mgeni?" Akaniwekea mkono tumboni. "Ile maji ya huko juu mimi nilijua ni mbaya, si mjinga. Nikasema nionje kwanza mimi, mwaka mzima. Kama inaua, iniue mimi. Sijafa, ndiyo nimekuletea."

Nililia mbele yake kama mtoto mdogo. Nampenda mwanamke huyu, na sijawahi kumwambia, kwa sababu kwetu watu hawaambiani. Leo nimemwambia. Akasema, "Haya, futa kamasi."

Nilipotulia nilimshika vidole, maana zebaki huweza kuanza kujionyesha hapo, nikamuuliza kama vinamsumbua. Akasema asubuhi vinakufa ganzi kidogo, na kijiko kinamtetemeka, lakini huo ni uzee. Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Karanga tumezifunga kwenye gunia dogo na kuziweka juu darini. Tumekubaliana kwamba bondeni hakuna tena cha kula. Atalima kipande kile cha karibu na kichuguu, nyuma ya nyumba, ambako marudio hayafiki, na za mzazi safari hii nitazila kwa kuchelewa. Mtoto atakuwa ameshaota meno. Mama amesema si kitu, hata akiwa na ndevu uji atapikiwa.

Yeye amelala mchana huu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, namsikia anakoroma. Kila akinyamaza nanyanyua kichwa kusikiliza.

Kesho ni siku yangu ya kliniki. Amesema atanisindikiza anibebee mwavuli, nisipigwe na jua. Sijamwambia bado kwamba kwa daktari ataanza kuingia yeye.