Nyusi za Geela

Pangnirtung, 9 Januari

Mpendwa dada Nereida,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye barafu. Hujambo? Na Elodia, mama yako, hajambo? Sisi tu wazima, mimi na mume wangu Joanasie, pamoja na huyu wa tumboni ambaye ameanza kupiga mateke kila nikinywa chai ya moto.

Umenicheka vya kutosha. Tangu tufahamiane kwenye lile kundi la washonaji mtandaoni, hakuna picha yangu uliyoiacha salama. Juzi uliandika mbele ya watu wote kwamba koti langu lina mkia kama mjusi na gunia la mahindi mgongoni. Dada, ule mkia ni wa kukalia barafu isinipate, na hilo gunia ni la mtoto. Anakaa humo na nepi yake tu, amejibana na mgongo wa mama yake, nje baridi ya kuua na yeye anatoka jasho. Tunaliita amauti. Nashona la kwangu la kwanza sasa. Mama yangu alifariki kabla hajanifundisha, kwa hiyo nashona na kufumua, nashona na kufumua.

Na wewe je? Kwenye ile picha ya sherehe umejizungushia lesi nyeupe usoni mpaka unafanana na keki ya harusi iliyotobolewa dirisha. Unakulaje humo? Jirani akikuita kutoka pembeni, unageuka mwili mzima?

Halafu nasikia huko Meksiko mtu akiingia mahali lazima asalimie mmoja mmoja na kumbusu shavuni, hata wakiwa arobaini. Chai yenu lazima inapoa. Huku mtu anaingia tu. Anavua viatu, anajimiminia chai, anakaa, na akitaka kusema kitu atasema. Anayebisha hodi tunajua ni polisi.

Mdogo wako,
Geela

*

Juchitán, 17 Januari

Mdogo wangu Geela,

Hujambo wewe na huyo mpiga mateke? Joanasie amerudi salama kuwinda? Sisi tunapumua, ila upepo wa kaskazini unataka kutung'oa na mapaa yetu. Nadhani unatokea mlangoni kwako. Ufunge.

Kuingia nyumbani kwa watu kimyakimya na kujimiminia chai, kwetu huo ni wizi wa mtu aliyevua viatu. Hapa ukipita mbele ya nyumba ya Na Fulani, yaani Bi Fulani kwa lugha yetu, bila kumwamkia, kabla hujafika sokoni mama yako ameshaambiwa, na kabla hujarudi ameshakusubiri mlangoni. Mama angali ananikagua kila nikitoka, na miaka yangu arobaini na mbili. 'Sketi imekaa upande. Pindo halikupigwa pasi. Hivyo ndivyo utakavyokwenda kwenye sherehe, watu waseme sina mtoto wa kike?'

Basi nikwambie jambo. Unajua Mama alikuwa mdarizi, na kwamba tangu Baba atutoke hajatia uzi kwenye sindano. Kopo lake la nyuzi liko juu ya kabati, vumbi tupu. Nilishabembeleza mpaka nikachoka. Anakaa kwenye bembea yake ya kamba siku nzima akiangalia ukuta, na mimi naogopa, Geela. Naona kama ananiaga polepole.

Juzi nilimwonyesha picha yako ya koti. Akauliza mtoto atakaa wapi. Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akasema, 'Mbona limekaa kama msiba? Mtoto ataonaje kwamba amekaribishwa duniani?' Jioni nikaona kopo limeshuka kutoka juu ya kabati. Hajalifungua, lakini limeshuka.

Anataka kukuona usoni akuulize mwenyewe. Jumapili tupigiane simu ya video. Tafadhali mdogo wangu, uwe naye mwema. Hujui nimeliombea kiasi gani hilo kopo.

Dada yako,
Nereida

*

Juchitán, 29 Januari

Geela,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Sitaandika mengi. Jumapili Mama alivaa blauzi yake ya mahameli na dhahabu zake za masikioni kwa ajili yako, akakusalimia kwa heshima zote. Hukuitikia hata neno. Nikakutafsiria kwamba angependa kudarizi maua ya kuzungushia koti la mtoto wako, je, ungependa? Ukamwinulia nyusi, kama mtu aliyeulizwa kama anataka samaki waliochacha. Akauliza, labda maua yetu yanakuchukiza, yana rangi nyingi mno? Ukakunja pua. Aliona kwa macho yake, na mimi niliona.

Aliniambia nizime simu. 'Huyo mtoto wa watu hana haja na mimi.' Kopo limerudi juu ya kabati.

Mimi utani wako niliupenda. Lakini mama yangu si wa kufanyiwa utani.

Nereida

*

Pangnirtung, 3 Februari

Dada Nereida, kama bado unaniruhusu kukuita hivyo,

Salamu kwako, na kwa Na Elodia salamu za magotini.

Barua yako niliisoma mara nyingi bila kuielewa. Nilidhani tumeagana vizuri. Nilidhani nimesema ndiyo kwa furaha zote, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikijisifu kwa kila anayeingia hapa kwamba koti langu litakuwa na maua ya Juchitán. Jana nikamsomea Joanasie. Nikamwuliza, 'Nilimtukana yule mama?' Akanikunjia pua. Nikamwuliza, 'Una hakika?' Akainua nyusi. Ndipo nikauona uso wake kama alivyouona wangu mama yako, na jasho likanitoka.

Dada, huku ndivyo tunavyojibu. Nyusi juu ni ndiyo. Pua ikikunjwa ni hapana. Mtoto anajua hivyo kabla hajajua kusema, na sisi wakubwa hatujui hata kwamba tunafanya. Siku ile sauti ilikuwa inakatika, nikaona heri nijibu kwa uso, niwe wazi zaidi. Aliniuliza kama ningependa maua yake, nikasema ndiyo. Aliniuliza kama yananichukiza, nikasema hapana. Nilisema kwa nguvu zangu zote, ndiyo maana nyusi zilikwenda juu vile.

Na kuhusu kutoitikia salamu, nilikuwa naogopa. Nilikuwa naangalia vidole vyake. Sijawahi kuwa na mama wa kunishikia kitambaa. Mwambie hivyo, tafadhali. Mwambie namtaka kweli.

Bado mdogo wako,
Geela

*

Juchitán, 16 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Mimi nina mbavu zinazouma kwa kucheka na siwezi kukaa sawasawa.

Barua yako nilimsomea Mama kwa Kizapoteki chetu, neno kwa neno. Halafu akaniuliza kama chakula kimeiva, na nilipogeuka kumjibu nikamkuta ameinua nyusi zote mbili, anajaribu. Sasa hakuna anayepona. Sokoni muuza kamba wa baharini alimtajia bei, Mama akamkunjia pua, yule akapunguza, akamkunjia tena, yule akapunguza tena. Mama anasema mmegundua kitu kikubwa na mmekificha huko kwenye barafu bure. Padri alimwuliza kama ataungama, akamwinulia nyusi, na maskini yule baba akadhani anadharauliwa mbele ya altare.

Kopo limefunguka, Geela. Nyuzi zimetapakaa kitandani mwake. Anadarizi maua mekundu, ya manjano na ya zambarau kwenye mahameli nyeusi, na mimi amenifukuza chumbani kwa sababu nasimama kwenye mwanga. Anauliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume, halafu anasema haidhuru, maua ni maua. Anasema pia picha yako ya mwisho inaonyesha koti limevutika begani. Samahani. Sasa tuko wawili wa kukaguliwa.

Dada yako, niliyerudi,
Nereida

*

Iqaluit, 4 Mei

Dada Nereida,

Salamu. Hamjambo huko? Mimi nimeshaletwa huku mjini kusubiri kujifungua, kama wanawake wote wa vijiji vyetu. Nimemwacha Joanasie na koti ambalo bega lake nimelifumua, mwambie Na Elodia nimetii.

Nilikuandikia mwishoni mwa Machi, nikakuandikia tena Aprili. Hujajibu. Nilidhani labda nimeinua kitu kingine tena usoni bila kujua, lakini safari hii sikupiga simu. Kama kuna ubaya, niambie. Anwani ya nyumba ninayokaa nimeiweka chini ya barua hii, maua ya Na Elodia yakiwa tayari.

Mdogo wako,
Geela

*

Juchitán, 16 Mei

Mdogo wangu Geela,

U hali gani? Nisamehe kimya changu. Mama alifariki Aprili. Alilala baada ya chakula cha mchana kwenye bembea yake, na nilipokwenda kumwamsha anywe kahawa hakuamka. Hakuugua. Watu wanasema ni kifo chema, na mimi nawaitikia, lakini usiku sina wa kumwitikia.

Sherehe za Mei zimeanza. Naziona zikipita barabarani, dhahabu na mahameli, na mimi nimevaa nyeusi juu mpaka chini kama inavyotakiwa kwa mwaka mzima. Asubuhi nikitoka nasimama mlangoni kidogo. Hakuna anayesema sketi imekaa upande. Nadhani inakaa upande kila siku sasa.

Nimekutumia kifurushi kwa hiyo anwani yako. Ni kazi yake. Amemaliza yote isipokuwa ua moja la mwisho, nusu lina rangi na nusu ni chaki tupu, na sindano yake bado imechomekwa hapo na uzi wake. Sikuweza kuitoa. Wewe ni mshonaji, limalizie.

Nakushukuru kwa jambo moja. Miezi yake ya mwisho hakuangalia ukuta. Alikuwa akiangalia maua ya mtoto wako.

Usihangaike kunijibu. Jifungue salama.

Dada yako,
Nereida

*

Iqaluit, 26 Juni

Mpendwa Nereida,

Kifurushi kilifika kabla yake kwa siku chache, na yeye akafika Ijumaa. Ni mvulana, mzito, ana sauti ya kugombana. Sote wazima.

Nililia juu ya kile kitambaa mpaka mama mkwe wangu, aliyekuja kunitazama, akaingia bila hodi akanikuta. Nikamweleza yote. Akaniuliza swali tunalouliza kila mtoto akizaliwa: nani ametutoka karibuni ambaye angependa kurudi kwetu? Sikuwa na haja ya kufikiri.

Kwetu jina halijui mwanamke wala mwanamume, na anayepewa jina anakuwa yule mwenye jina. Mimi nimepewa la babu yake Joanasie, baba wa mama mkwe, naye mpaka leo ananiita baba. Kwa hiyo kijana huyu ni Elodia. Si kwamba amefanana naye, Nereida. Ni yeye. Kuanzia leo siwezi kuweka sahihi kama mdogo wako, kwa sababu nimemzaa mama yako, na hilo linanifanya sijui nani, tutalitafuta taratibu.

Ua la mwisho sijaligusa. Sindano nimeitunza. Kazi ni yake, ataimalizia vidole vikikomaa.

Nilimwonyesha picha yako ya mlangoni, ile ya nguo nyeusi uliyoitia kwenye kifurushi. Nikamwuliza kama sketi imekaa upande. Akainua nyusi.

Mama yako,
Elodia
(ameandikiwa na Geela, kwa kuwa mwenyewe ananyonya)

*

Juchitán, 27 Juni

Mama,

Shikamoo.

Umeamkaje? Umekula? Hiyo baridi unaiweza, wewe uliyekuwa unavaa shali hapa mwezi wa Mei? Mwambie Geela akufunike masikio, na mwambie nimesoma barua yenu kwenye simu nikiwa nimesimama sokoni katikati ya wauza kamba, na nimewafanya wote walie.

Nyeusi sijaivua, mwaka haujaisha, usinigombeze. Lakini asubuhi hii nimechomeka ua moja jekundu nyweleni, na kabla sijatoka nimesimama mlangoni nikainyoosha sketi.

Mwanao,
Nereida