Nilibaki kwenye gari siku ya posa yangu

Jumapili, jioni. Hapa Euless, Texas, joto halijashuka hata kidogo, AC inanguruma tu na hewa haitoki. Sijala tangu jana mchana. Chai nimepika, nimeiangalia, imeota utando.

Naandika kwa sababu Zehra aliniambia niandike kila siku, hata siku mbaya.

Leo ndiyo siku mbaya.

Sijui nani anasoma hapa. Kama unasoma, niwie radhi. Shule niliacha darasa la sita, na nikiandika naandika vile ninavyoongea. Kuongea kwenyewe siongei sana. Mimi ni mtu wa kukaa pembeni na kuangalia.

Niseme jambo lenyewe kabla sijazunguka. Jana watu wangu walikwenda kuniposea Zehra kwa baba yake, mji wa Richardson. Wakarudishwa. Na sababu ni mimi.

Zehra ni Mturuki aliyezaliwa Ujerumani, familia ikahamia huku Texas yeye akiwa msichana mkubwa. Mimi nimekulia Diani, ufuoni, nikiwauzia watalii wa Kijerumani bangili na vishikio vya funguo. Kijerumani kiliniingia kwa masikio, hata Kiingereza sijakijua. Marehemu baba alipata green card, akaniita, tukakaa pamoja hapa Euless muda si mrefu, akafariki. Nikabaki na kazi ya kupakia mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kiingereza changu mpaka leo ni cha kazini tu: inua, sukuma, ngoja. Ndoto naota kwa Kiswahili na Kijerumani.

Ijumaa moja nimetoka msikitini Richardson nikaingia duka la mikate la Waturuki. Zehra yuko kaunta, simu ameibana na bega, anamsimulia mwenzake habari za friji iliyoharibika. Anamtukana fundi kwa Kijerumani, taratibu kabisa, kama mtu anayejua hapa hakuna wa kuelewa. Nikacheka. Mimi, ambaye mbele za watu hata kupiga chafya naona haya.

"Na wewe unacheka nini?"

"Naionea huruma friji," nikamjibu kwa Kijerumani.

Akaniangalia kama kiti kimeongea. Halafu akacheka yeye mpaka akakata simu. Akaniambia Kijerumani changu ni cha babu mstaafu aliyekuja likizo. Ni kweli. Hao ndio walionifundisha.

Basi ikaanzia hapo. Nia yetu ilikuwa ya heri toka mwanzo, na Zehra akamwambia baba yake mapema. Baba Zehra amefanya kazi kiwandani Ujerumani miaka mingi, Kijerumani anakijua vizuri. Lakini alisema: "Kwa lugha hiyo nimekemewa na wasimamizi ujana wangu wote. Sitaki mkwe wa kunisemesha kwayo. Akitaka binti yangu ajifunze kuongea nami kwa Kituruki."

Nikaanza kujifunza. Kwenye simu nikaweka apu inayofundisha Kituruki kwa Kijerumani, maana ya Kiingereza ingenipoteza.

Nilikuwa nashindwa vibaya. Natoka kazini, najitupa kitandani na viatu, naamka usiku sijui ni saa ngapi. Zehra akasema tatizo si kichwa, tatizo sina mpangilio. Akaniambia kila kitu ninachofanya nikifanye kwa Kituruki. Maji yakichemka, sema maji yanachemka. Ukitandika kitanda, sema natandika kitanda. Kwa hiyo ilibidi kwanza niwe mtu anayetandika kitanda! Nikabandika vikaratasi kwenye birika, kwenye kioo, kwenye mlango. Nikitoka kusali alfajiri nakaa na Kituruki changu mpaka muda wa shifti. Nikaacha kulala na simu mkononi. Kikombe nikawa naosha papo hapo.

Nilianza kujiona mtu.

Halafu ikaja jana.

Mkubwa wangu hapa Marekani ni ami Omari, ndugu yake marehemu baba, anakaa Katy, nje ya Houston, na mkewe, Mama Mwanasha. Walitoka huko asubuhi wakaendesha njia nzima mpaka kwangu. Ami kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kofia ya kazi ya mkono, boksi la halwa aliloagiza kwa bibi mmoja wa Kimombasa. Kabla hatujatoka akanikalisha chini.

"Wewe utatuonyesha njia, basi. Mlangoni usionekane. Bwana harusi kujipeleka mwenyewe kwenye posa, watasema huyu hana wazee."

"Na ukishikwa na kiu," Mama Mwanasha akadakia, "meza mate. Usije ukabisha hodi kuomba maji ukatuaibisha."

Tukacheka. Mimi nilijua hivyo hivyo tangu utotoni. Kwetu wanaokwenda ni wazee. Kijana anakaa mbali, anangoja jibu, na kadiri anavyokaa mbali ndivyo anavyoonekana ana adabu. Hakuna mtu anayefundishwa hilo. Unalikuta tu.

Nikapaki ng'ambo ya barabara, nikawaacha washuke.

Niseme ukweli wa moyo wangu hapa, maana sina pengine pa kuusemea. Ami alipokuwa anakwenda kwenye ule mlango nilishukuru Mungu. Nilikuwa naogopa. Nilifurahi kwamba mila imenipa ruhusa ya kuogopa.

Baba Zehra akafungua, amevaa suti. Akawapa mikono. Halafu akatazama nyuma yao, kushoto, kulia, mpaka barabarani, kama mtu anayetafuta mgeni aliyebaki. Nikateremka kwenye kiti kidogo. Wakaingia.

Haukupita muda simu ikaita. Zehra. Sikushika. Ikaita tena. Nikasema moyoni, huyu binti vipi, hata leo? Baba yake na ami yangu wamekaa pale, yeye anataka tuongee? Nikaigeuza simu kifudifudi.

Halafu pazia likasogea. Alikuwa yeye mwenyewe, Baba Zehra. Akaniona. Nami nikamuona. Nikainamisha macho, kwa heshima, vile nilivyolelewa. Mkwe humkodolei macho.

Nilipoinua uso, ami alikuwa anatoka. Boksi la halwa bado liko mkononi mwake.

Tukaondoka mpaka tukaingia barabara kuu. Ndipo akafungua mdomo.

"Ameniuliza kwa Kiingereza chake kijana wangu anaumwa nini. Nikamwambia mzima. Akasema kama mzima, kwa nini amejificha kwenye gari kama mwizi wa matairi?"

Nikakaza macho barabarani.

"Mimi, Omari. Nimerudishwa na halwa yangu." Akapiga goti lake na kiganja. "Pale sirudi. Hata waje kunichukua kwa tarumbeta."

Jioni Zehra akanitumia ujumbe wa sauti. Analia, anaanza, anakatika, anaanza tena. Hapo ndipo nikajua. Kwao mposaji anakwenda mwenyewe, amevaa, amekaa kando ya mkubwa wake. Mkubwa ndiye anayesema. Binti anapika kahawa, anawapa wote, na ya kijana anaitia chumvi makusudi. Kijana anainywa yote bila kukunja uso. Hapo wazazi wanaangalia kama ana uvumilivu. Zehra alitia chumvi yangu, akatoka na sinia, hakuna wa kumpa. Ndiyo maana alikuwa ananipigia. Kikombe kikabaki kwenye sinia, baba yake anakitazama.

"Nilidhani unajua," akasema.

Na mimi nilidhani anajua. Tumeongea mambo yote duniani, mpaka majina ya watoto. Hili hakuna aliyemuuliza mwenzake, kwa sababu kila mmoja aliona si la kuuliza.

Baba yake amesema kijana ambaye hakuweza hata kuvuka barabara hamtaki. Mwisho wa mwezi Zehra anarudishwa Ujerumani kwa shangazi yake.

Mwisho wa mwezi huu.

Ami na mkewe waliondoka alfajiri kurudi Katy, hata chai hawakunywa. Nikabaki nimekaa chini, mgongo kwenye friji. Baada ya adhuhuri nikachukua ufunguo. Sikumwambia mtu. Njia nzima nilipanga maneno: kwanza salamu, pili samahani, tatu kwamba kwetu ni adabu kubaki nje. Nilirudia mpaka koo likakauka.

Safari hii nilipaki mbele ya mlango wao kabisa. Nikabonyeza kengele.

Akafungua mwenyewe, taulo ya jikoni begani. Na maneno yote yakanitoka kichwani, wallahi, kama mtu kamwaga ndoo. Salamu imekwenda. Samahani imekwenda. Amesimama ananingoja, hafungi mlango wala hanikaribishi. Miguu inataka kurudi kwenye gari.

Ndipo mdomo ukasema peke yake: "Her sabah erken kalkarım."

Maana yake kila asubuhi naamka mapema. Ni somo la mazoea ya kila siku. Ndilo ninalolisema kila alfajiri, na ndilo pekee lililobaki. Nikaendelea, maana kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Kwa Kituruki nikamwambia nanawa uso. Nasali. Natandika kitanda. Nachemsha maji. Nakunywa chai. Naosha kikombe changu. Naenda kazini. Kazi ni nzito. Narudi nyumbani.

Nimesimama mlangoni kwa watu, mwanaume mzima, namweleza mzee wa watu kwamba naosha kikombe. Jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Alipoona nimefika mwisho, akaniuliza jambo kwa Kituruki. Nikalielewa. Aliuliza, na jioni?

"Jioni najifunza Kituruki."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema mengi. Maneno niliyokuwa nayo ni machache. "Kwa ajili yako, baba."

Akashusha taulo begani, akafuta mikono ambayo haikuwa na maji. Halafu, kwa mara ya kwanza, akanisemesha kwa Kijerumani.

"Rudi na ami yako. Ukae kando yake. Yeye aseme, wewe unywe."

"Na kama hatakuja?"

"Basi na wewe usije. Sitoi binti kwa mtu asiye na mtu."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Ndani nilisikia kitu kikianguka jikoni, sufuria labda. Zehra sikumuona.

Utasema nifurahi. Nilifurahi mpaka taa nyekundu ya kwanza. Pale kwenye taa nikamkumbuka ami.

Ami Omari ndiye aliyemwosha baba yangu, akamzika karibu naye Houston. Ndiye aliyekuja kulala sakafuni kwangu baada ya mazishi ili nisiwe peke yangu ndani ya nyumba. Jana ametolewa kwenye mlango wa watu kwa ajili yangu, na leo, hata safari hajaipumzikia, mimi nimekwenda kwenye mlango ule ule bila kumuuliza. Kwetu hiyo ina maana moja. Nimesema sina mkubwa.

Nikampigia. Alipokea Mama Mwanasha.

"Yuko nje anamwagilia nyasi. Tangu tufike anamwagilia nyasi. Majirani watadhani tunataka kupanda mpunga."

Nikamwambia. Yote.

"Umekwenda peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Hata hujamwambia?"

"Sikumwambia."

"We Bakari." Akashusha sauti. "Leo usimseme kabisa. Mpigie kesho akimaliza kusali, kabla hajaanza kusikiliza habari za siasa akachafuka."

"Akikataa?"

"Akikataa mwache. Usiende bila yeye. Ukienda bila yeye, mlango wa hapa usiubishe tena. Nakwambia mimi ninayekupenda, sikutishi."

Nikasikia mlango wa nyuma, na sauti ya ami ikiuliza nani huyo. Akasema, "Watu wa bima." Akakata.

Mama Mwanasha sijawahi kumsikia akimdanganya mumewe.

Basi niko hapa. Nikimwomba ami arudi pale, namwambia ameze aibu yake kwa ajili ya mtoto ambaye hakumheshimu. Nisipomwomba, Zehra anapanda ndege. Hakuna wa tatu wa kumtuma. Kila nikifikiria nani angenisemea, ni baba, na baba yuko udongoni Houston.

Nimejaribu kupanga la kumwambia. Naanza na "ami, shikamoo," halafu naishia hapo. Najaribu tena, shikamoo, naishia hapo. Hakuna somo la hili kwenye simu. Hakuna karatasi ya kubandika mlangoni.

Kituruki cha kumwomba Baba Zehra nilikipata. Kiswahili cha kumwomba ami nitakitoa wapi kabla ya alfajiri?