Bundi Aliyeng'aa

Jumanne jioni

Mpaka sasa sielewi nimefanya jema au baya.

Asubuhi niliisugua sarafu ya Kigiriki ya Babu, ile ya fedha yenye bundi, kwa majivu na limau. Siku zote ilikuwa nyeusi. Hajji, rafiki yake anayekusanya sarafu za kale, alikuwa anakuja kuitazama, na Babu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Vifungo vya sare yake ya polisi nimevisugua kila Jumamosi tangu utotoni.

Hajji aliipokea, akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Afande, nani ameiosha hii?"

"Mjukuu wangu," Babu akajibu kwa fahari. Nilitamani kukimbilia jikoni.

Hajji akasema weusi ule ndio uzee wa sarafu. Kama ni ya kweli, nimeiharibu. Lakini weusi wa kweli hautoki kirahisi, kwa hiyo kama ulitoka upesi, basi ulipakwa, na sarafu ni ya bandia. Akanywa chai yake, akaondoka.

Babu aliuza baiskeli yake ili aipate sarafu hiyo, zamani, kabla mama hajazaliwa.

"Binti, ulisugua sana au kidogo?" akaniuliza baadaye. Nikasema sikumbuki.

Nakumbuka. Weusi ulitoka mara moja, ukabaki kwenye kidole changu kama masizi.

Labda kesho nimwambie nilisugua mpaka mkono ukauma. Ni uongo, najua. Lakini afadhali anikasirikie mimi kuliko ajue kwamba sarafu yake ni ya bandia.