Jaribio la Arobaini

Mbarara, 3 Machi 2025

Yaya Sidonie, dada yangu,

Salamu mingi, nzito kama maziwa ya ng'ombe wa Bwizibwera. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, nimenenepa mpaka shingo imekuwa ya mkubwa. Ujue unaandikiwa na mjaribu wa programu za simu, mimi niliyeacha shule senior two, kidato cha pili tu! Simu yangu yenyewe imechukuliwa ofisini kwa majaribio, ndiyo maana barua anakuletea Jamil wa boda.

Programu yetu: mgonjwa anabonyeza, boda inamfuata. Wewe mhudumu wa afya wa kambi ya wakimbizi utaipata kwenye simu yako Ijumaa. Majaribio ni arobaini, siku mbili tu. Bosi Nusura akasema: "Elisée, yote hatuyawezi. Kila moja jiulize: ikiharibika, nani ataumia? Na ni rahisi kuharibika?"

Nikapanga kama jenerali. La kwanza: mama mwenye uchungu, fasi isiyo na mtandao. La arobaini, ambalo najua hatutalifikia: je, wito wa uongo tunaojaribia unabaki ofisini, hauendi kwenye simu za watu? Mtu asiyekuwepo atamuumiza nani?

Huyo mgonjwa wa uongo nimempa jina la Muhire. Usinune, Yaya. Nilitaka kaka yetu aitwe tena, hata mara moja.

Mdogo wako,
Elisée


Nakivale, 8 Machi

Elisée,

Tumeamka, tunashukuru. Ila Mama hayuko nyumbani. Jana simu ililia mbele yake: "Muhire anasubiri kuchukuliwa. Njia ya Endiinzi." Nikamwambia ni majaribio yako. Akatoa ile sweta ndogo ya Muhire kwenye sanduku, akaenda kukaa barabarani.

Wewe ulikuwa mgongoni, hukumbuki. Siku tuliyokimbia Kivu, Mama alikubeba wewe, akanikokota mimi mwenye homa. Muhire alikuwa na miaka sita, miguu mizuri. Mama akasema: "Huyu anajua kutembea, atatufuata." Tulipogeuka, njia ilikuwa tupu.

Na wewe umemweka wa arobaini.

Nilibonyeza "Nimepokea" ili inyamaze. Sasa inauliza: "Muhire amefika? Ndiyo. Hapana." Bila jibu haipokei mgonjwa mwingine, na siku za Pascaline, jirani yetu, zimetimia. Mama ameishika simu. Anasema jibu ni lake.

Yaya wako


Mbarara, 9 Machi

Yaya,

Mama amekula? Mwambie nauliza.

Nimemweleza Nusura. Hakunifokea, na heri angenifokea. Lile la arobaini tumelipandisha juu kabisa, tunalifanya leo. Jenerali wako amechelewa.

Kumfuta Muhire ni kazi ya dakika moja. Kwenye skrini yangu ameandikwa: Muhire, njiani. Siku ya tatu sasa, njiani. Nimeweka kidole mara tatu. Mimi niliyekula hotelini kwa uma na wakubwa wa mji huu, nimeshindwa na kitufe. Lakini Pascaline hawezi kungoja. Kesho saa nne asubuhi nisipoona jibu kwenye skrini, namfuta. Mama anisamehe.

Mdogo wako


Nakivale, 10 Machi

Elisée mdogo wangu,

Bila shaka umeliona jibu. Hakuna tena cha kufuta.

Jamil alifika asubuhi mapema, nikamsomea Mama barua yako palepale barabarani, sweta iko magotini. Kwenye "njiani" alinisimamisha, nikasoma tena.

"Nikisema ndiyo?"

"Itanyamaza, Mama."

"Nikisema hapana?"

"Itanyamaza vilevile."

Akaangalia upande wa Endiinzi mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akabonyeza mwenyewe: Hapana.

Hata simu hajanirudishia, ikalia. Pascaline! Boda ilimbeba, amejifungua salama, mtoto wa kiume, ana sauti kama yako ukijisifu.

Binti mkubwa wa Pascaline, wa miaka minne, alibaki mlangoni. Watu wakasema, "Mwacheni, anajua njia ya kwenu, atakuja mwenyewe." Mama aliinuka kwa mgongo ule ule uliouulizia, akaenda kumshika mkono. Amemvika ile sweta.

Sasa ni jioni, wanakula maharage kwenye sahani moja. Mama anakula kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine bado hajauachia wa mtoto.

Yaya wako,
Sidonie