Picha za Galaksi Kizuizini Mwandiga

Dada Rehema, shikamoo. Mwandiko huu mbaya ni wa hasira. Jana kwenye kizuizi cha barabarani Mwandiga, askari alidai picha zangu za galaksi ni ramani za waasi. Nilieleza mpaka koo likakauka. Mkimbizi wa Burundi aliyeketi benchini, zamani mwalimu wa fizikia kwao, akanisaidia: “Afande, hii nyekundu ni gesi iliyosongamana, humo nyota huzaliwa. Vumbi linazificha, lakini joto lake tunaliona kwa darubini maalumu.”

Nikaachiwa. Yeye akabakizwa, kwa kuwa alitoka kambini bila kibali. Nilibishana hadi nikafukuzwa. Aliniomba picha moja tu, akawafundishie wanafunzi wake kambini. Nilimpa zote.

Wakumbatie watoto, dada. Mimi ni mzima.

Mdogo wako, Mwajuma