Katambuga za Maduhu

Binamu Maduhu,

Mwangaluka. Najua huitikii, ila hata ulipokuwa hai asubuhi ulikuwa huitikii mpaka unywe uji, kwa hiyo sioni tofauti kubwa. Mimi Mabula, mtani wako. Mwandiko uvumilie, niliishia la nne na wewe ndiye ulikuwa unanifundisha kutoroka.

Bosi kazaa.

Ndiyo, punda wetu wa mkokoteni, uliyemwita Bosi kwa sababu yeye ndiye alikuwa anaamua saa ya kuanza kazi. Ulikuwa unampapasa tumbo unasema, "Huyu akizaa, sisi ni kampuni." Basi kazaa mvua zilipoanza, udongo wako haujakauka. Dume. Masikio kachukua kwako.

Ila miguu, binamu. Kwato za mbele zilikuwa zimejikunja kwa nyuma, mtu akikunja ngumi ndivyo. Akisimama anakanyagia vifundo, anatetemeka, anaanguka na pua. Chuchu za mama yake anaziona kwa macho tu. Nikawa namnyanyua mimi anyonye, na Bosi shukrani zake ni teke la paja. Mpaka leo nachechemea, watu wananiuliza mgonjwa ni punda au ni mimi.

Mzee Shija jirani akaja, mikono mgongoni, akaangalia. "Angekuwa ng'ombe tungekula nyama. Huyu mpeleke korongoni, fisi nao wana watoto." Hakusema kwa ubaya. Na mimi, kweli, nilishaanza kutafuta kamba.

Halafu nikamwona mama yako. Maduhu, shangazi tangu tukuzike alikuwa haongei. Anapika, anafagia, akimaliza anakaa mlangoni karibu na katambuga zako za tairi, pale pale ulipozivua siku tunakupeleka hospitali. Mtu hazisogezi. Kuku akizikanyaga anafukuzwa mpaka kwa jirani. Nilishamwaga vichekesho vyote nilivyonavyo, hata vile vya kuchapwa. Anafagia tu. Sasa nimkokote huyu mtoto kwenda kwa fisi, yeye kakaa pale anaona? Kamba nikairudisha.

Nikaenda kumwita mtaalamu wa mifugo wa kata, dada mmoja mpole. Akaushika mguu, akaunyoosha taratibu, ukanyooka kidogo. Akasema mishipa ya nyuma imekaza, labda alikaa vibaya tumboni, lakini bado mbichi, ananyooka. Tukichelewa vifundo vitachubuka mpaka mfupani, na hapo hana msaada. Akanionyesha nipasue bomba la plastiki, niweke kitu laini ndani, nifunge mguu, na kila siku niufungue upumzike.

Kitu laini! Kijiji hiki cha Sapiwi, binamu, mtu anifundishe kitu laini? Pamba imejaa ndani. Nikashindilia, nikafunga, nikajisifu kijiji kizima. Kesho yake mtoto hataki hata kunyonya. Nafungua, ngozi ina vidonda vidogo vidogo, utadhani kadonolewa na kuku. Shangazi akasogea. Akaichukua ile pamba, akaiminya.

"We Mabula, umemfunga mtoto na mbegu?"

Nilitaka kumkumbatia. Nimelima pamba tangu sijaota meno, nimesahau kwamba pamba ya shambani ina mbegu! Yeye akavuta ungo, akakaa chini, akaanza kuchambua mbegu moja moja kwa vidole. Na anachambua anaongea. Akanitukana mimi, akahamia kwa baba yangu, kwamba wanaume wa kwao vichwa ni vibuyu. Mwisho akafika kwako. Eti na wewe ulichelewa kutembea, watu wakasema huyu ni wa kukaa tu, na yeye akawa anakukanda miguu kila jioni na maji ya moto. Hilo hukuniambia. Ningekutania mpaka uhame.

Vidonda vikapona, miguu ikanyooka. Ila akichoka, ncha ya kwato inarudi ndani. Yule dada akasema tumfungie kitu kigumu chini ya kwato, kitokeze mbele kama ulimi, kimzuie kujikunja. Kipande cha tairi kinafaa. Nikasema basi nakwenda mjini Somanda, gereji hazikosi.

Shangazi akainuka, akaenda mlangoni, akarudi na katambuga zako.

"Kata."

Nikamwambia, shangazi, matairi yapo mengi.

"Ng'wanawane, mwanangu, nimesema kata. Zimekaa bila kazi."

Basi nikakata. Macho yangu siku hiyo yalikuwa mabovu, nilikaribia kuondoka na kidole. Mimi nilikata, yeye alifunga.

Unakumbuka msiba wako? Hukumbuki, ulikuwa umelala. Kazi yangu mimi mtani ilikuwa kuvaa hizo katambuga, nitupe mabega, nitembee unavyotembea wewe ukitoka kilabuni, watu wacheke katikati ya machozi. Nikasimama tu pale nimekauka. Wakawa wananong'ona, "Mtani gani huyu?" Sikuweza, binamu. Miguu ilikataa.

Jana tumemfungua yale mabomba moja kwa moja, tukamwachia katambuga tu. Kainuka mwenyewe. Pa, pa, pa, anatupa miguu nje, kifua mbele, wewe kabisa! Kavuka uwanja, kampita mama yake hata salamu hakuna, kaenda mpaka kwenye minyaa, kwako. Kainamisha shingo, kaanza kula majani juu ya kaburi lako.

Mimi nikashika kichwa. Shangazi kashika mdomo, halafu kicheko kikamtoka. Kacheka mpaka kakaa chini, huku machozi yanashuka. "Maduhu, amka! Mtani wako anakula nyumba!"

Kwa hiyo kazi niliyoshindwa mimi kaifanya punda, na kakuvalia viatu.

Nakuahidi hatabeba mzigo mpaka akomae, na hakuna mnunuzi atakayemwekea mkono. Siku atakayovuta mkokoteni mara ya kwanza nitampitisha hapo kwako, shangazi akiwa amekaa juu, na mimi nitatembea mbele nikikuiga. Safari hii miguu haitakataa.

Endelea kulala, mvivu wewe. Majani yakiota tena, tutamleta.

Mabula, mtani wako